Msiwaguse Masihi Wangu: Nani Anaambiwa Asimguse Nani?

Mama mmoja mjane, muuza maandazi, alisimama wakati wa matangazo akauliza kwa sauti ya chini: fedha za mabati tulizoanza kuchanga mwaka juzi zimefika kiasi gani? Aliuliza kwa adabu. Alianza kwa "samahani Mchungaji" na kumalizia kwa "nauliza tu". Aliyekuwa mimbarani hakutaja kiasi. Alifungua Biblia, akasoma Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Akaifunga. Kanisa zima likanyamaza, mama akakaa, na kwaya ikaitwa. Mwezi uliofuata hakuonekana ibadani. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya tatu, na nilinyamaza kama wengine.

Tangu siku ile nimelirudia andiko hilo mara nyingi, pamoja na ndugu zake mawili yanayotumika kwa kazi ileile: habari ya Kora na habari ya Miriamu. Tukitoka kanisani kuingia kwenye siasa linaongezeka la nne, Warumi 13. Maandiko haya yamefumwa pamoja hadi muumini wa kawaida anaamini kwamba kumwuliza kiongozi swali ni kumkosea Mungu. Inafaa fundo hili lifunguliwe taratibu, uzi kwa uzi, kwa sababu waliofungwa nalo ni watu wanaoipenda Biblia kwa dhati.

Tuanze na zaburi yenyewe, na tusome mistari mitatu inayotangulia, ambayo husomwa kwa nadra sana. Zaburi 105 inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakihama kutoka taifa hata taifa. Mungu hakumwacha mtu awaonee. Kwa ajili yao aliwakemea wafalme. Ndipo unakuja mstari wetu. Maneno "msiwaguse" yanaambiwa wafalme. Wanaolindwa ni wapita njia wasio na jeshi, wasio na shamba, wasio na mtu wa kuwatetea katika nchi ya watu.

Mfalme gani alikemewa? Kitabu cha Mwanzo kinatupa Farao katika sura ya 12 na Abimeleki wa Gerari katika sura ya 20, na hii ya pili ndiyo inayofanana zaidi na zaburi, kwa kuwa humo ndimo Ibrahimu anaitwa nabii. Ibrahimu alifika Gerari, akaogopa kuuawa kwa ajili ya mkewe, akasema Sara ni dada yake. Mfalme akatuma watu wamchukue Sara. Usiku Mungu akamtokea Abimeleki katika ndoto na kumwambia kwamba ni Yeye aliyemzuia, hakumwacha amguse. Amguse nani? Sara. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ndicho kilichomo katika Zaburi 105:15. Kinarudi tena katika Mwanzo 26:11, pale mfalme wa Gerari anapotangaza kwamba atakayemgusa Isaka au mkewe atauawa.

Kwa hiyo nyuma ya mstari unaosomwa kuwanyamazisha akina mama yupo mama mmoja aliyechukuliwa na mwenye nguvu, akapelekwa katika nyumba yake bila kuulizwa, na Mungu akasimama mlangoni kumzuia mwenye nguvu yule. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatulia kwa muda. Yapo makanisa ambamo binti amedhulumiwa na mtumishi, na aliposema, akasomewa mstari huu. Umesomwa upande usio wake.

Halafu angalia kilichotokea asubuhi. Abimeleki alimwita Ibrahimu, yaani huyo nabii, huyo asiyeguswa, akamwuliza: "Umetutenda nini?" Akaendelea kumwuliza alikuwa ameona nini hata akafanya jambo lile. Mungu hakumpiga Abimeleki kwa kuuliza. Hakumwambia, "Nyamaza, huyo ni mpakwa mafuta wangu." Ibrahimu alijibu. Jibu lenyewe halikuwa zuri sana, kwamba kwa kweli Sara ni binti wa babaye ila si wa mamaye, lakini alijibu. Mungu aliyemkataza mfalme asiguse alimwacha aulize, na katika sura hiyohiyo Ibrahimu akamwombea yule aliyemhoji.

Kuguswa na kuulizwa ni mambo mawili, na Daudi alilifahamu hilo kuliko yeyote. Yeye ndiye anayetajwa kila mara kama mfano wa kutomgusa masihi wa Bwana, na ni kweli hakumgusa. Katika pango la Engedi, 1 Samweli 24, alikata upindo wa vazi la Sauli, na hata hilo likamchoma moyo. Wahubiri wengi huishia hapo. Simulizi inaendelea: Daudi alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti. Sauli alikuwa na watu 3,000 waliochaguliwa. Daudi akainama kifudifudi kwa heshima, kisha akasimama na kile kipande cha nguo mkononi kama ushahidi, akamwuliza mfalme kwa nini anasikiliza maneno ya watu wanaomsingizia, na akamwita Bwana awe mwamuzi kati yao wawili. Sauli akalia, akasema: "Wewe u mwenye haki kuliko mimi." Heshima ilikuwepo, ushahidi ulikuwepo, lawama ilitamkwa wazi, na mkono haukuinuliwa. Daudi alipokuja kutumia maneno hayo kama shtaka, katika 2 Samweli 1, alimwambia Mwamaleki aliyejigamba kwamba amemuua Sauli. Kumgusa masihi, kwa Daudi, kulikuwa kumwaga damu yake.

Baadaye Daudi mwenyewe alikuwa masihi. Alimchukua Bathsheba, akampanga Uria afe vitani. Nathani akamjia na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini, akamgeuzia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Kama kungekuwa na siku ya kusema "msiwaguse masihi wangu", ilikuwa siku ile. Daudi hakusema. Alisema amemfanyia Bwana dhambi. Akasamehewa papo hapo, lakini alikuwa ameshaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Msamaha haukufuta hesabu. Nalisema hili kwa sababu ipo desturi ya kiongozi kulia madhabahuni Jumapili moja, na Jumapili inayofuata anayekumbusha fedha zilizopotea anaambiwa hana roho ya kusamehe.

Neno lenyewe, masihi, nalo limepunguzwa mno. Maana yake ni aliyepakwa mafuta. Wafalme walipakwa, makuhani walipakwa. Isaya 45:1 inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, masihi wake. Na Agano Jipya linafanya jambo ambalo sisikii likihubiriwa sana: linawapaka wote. Yohana anawaandikia waumini wa kawaida, "Nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu" (1 Yohana 2:20). Yule muuza maandazi ni masihi. Mstari ukisomwa kwa kufuata mahali ulipotoka, yeye ndiye asiyepaswa kuguswa, na wa kuonywa ni mwenye nguvu anayeweza kumgusa akiba yake.

Sasa Kora. Katika Hesabu 16 nchi ilifumbua kinywa ikammeza yeye na wenziwe, na tangu hapo kila anayeuliza risiti anaonywa kwamba ardhi itafunguka. Lakini Kora aliuliza nini? Alitaka ukuhani. Hakuleta malalamiko ya mtu aliyedhulumiwa wala ya fedha zilizotoweka. Miriamu vilevile, dada yake Musa aliyepigwa kwa ukoma, Hesabu 12: alimsema Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi aliyemwoa, kisha akadai kwamba Bwana amesema naye pia. Yote mawili yalikuwa mashindano ya cheo. Ajabu ni kwamba Musa, katikati ya ghadhabu ya siku ile ya Kora, alitoa hesabu bila kuombwa: alisema mbele za Mungu kwamba hakutwaa kwao hata punda mmoja, wala hakumwumiza mtu yeyote. Anayeitumia habari ya Kora kukataa kutoa hesabu amesimama mahali pa Kora, maana Musa alitoa.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Fungua Kutoka 38, sura ambayo wengi wetu huiruka kwa kuwa imejaa vipimo. Watu walikuwa wamechanga kwa ajili ya hema takatifu, na walichanga kweli, mpaka Musa akawazuia. Kazi ilipoisha, Musa aliagiza hesabu ifanywe, mkono wa Ithamari mwana wa Haruni ukaisimamia. Dhahabu: talanta 29 na shekeli 730. Fedha: talanta 100 na shekeli 1,775. Shaba: talanta 70 na shekeli 2,400. Kisha matumizi: zile talanta 100 za fedha zilisubu vitako 100, talanta moja kwa kila kitako. Na zile shekeli 1,775 zilizobaki? Zilifanya vifungo vya nguzo na kufunika vichwa vyake. Hata masalio yana mstari wake. Aliyeagiza hesabu hii ni mtu aliyeongea na Mungu uso kwa uso hadi ngozi ya uso wake ikang'aa, na hakuna andiko linalosema kwamba mtu alimdai hesabu ile. Alihesabu hata hivyo.

Paulo alipita njia hiyohiyo. Alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, wala hakuteuliwa na Paulo. Anaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: anajiepusha na lawama kwa habari ya karama ile, akitangulia kufikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu". Maneno hayo ya mwisho yanajibu hoja ambayo nimeisikia kwa watu wema kabisa, kwamba mtumishi hutoa hesabu kwa Mungu peke yake. Wanaitoa hoja hiyo katika Waebrania 13:17, ambapo tunaambiwa tuwatii wanaotuongoza kwa kuwa wanakesha kwa ajili ya roho zetu kama watu watakaotoa hesabu. Ni kweli, hesabu kuu ni ya mbinguni. Paulo aliijua, na hata hivyo akatafuta mashahidi wa duniani.

Na Samweli je? Katika 1 Samweli 12, akiwa mzee mwenye mvi, anasimama mbele ya taifa lote na kujiweka kizimbani mwenyewe: "Mimi hapa, mnishuhudie mbele za Bwana, na mbele ya masihi wake, nilitwaa ng'ombe wa nani? Au nilitwaa punda wa nani?" Anaendelea: ni nani niliyemdhulumu, ni nani niliyemwonea, nimepokea rushwa kwa mkono wa nani? Kama yupo, nitamrudishia. Masihi anayetajwa hapo ni Sauli, mfalme mpya. Neno letu lilelile, safari hii masihi amesimama kama shahidi wa ukaguzi. Na tusisahau kwamba miaka michache nyuma wazee wa Israeli walimfuata Samweli mpaka Rama wakamwambia usoni kwamba wanawe hawaendi katika njia zake. Wanawe, Yoeli na Abiya, walikuwa wakipokea rushwa huko Beersheba. Hakuna mzee aliyepatwa na ukoma kwa kusema hivyo.

Kuna nyumba nyingine ya kikuhani ambayo mambo yaliishia vibaya, nayo inafanana na habari zetu kiasi cha kuumiza. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa wakituma mtumwa na uma wa meno matatu kuchota nyama ya sadaka, na mtu akisema subiri mafuta yateketezwe kwanza anajibiwa: utanipa sasa, la sivyo nitaitwaa kwa nguvu. Walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alisikia, akawaita, akawaonya kwa maneno ya baba. Basi. Waliendelea kushika kazi. Hukumu ya Mungu juu ya nyumba ya Eli, katika sura ya 3, inataja sababu: wanawe walijiletea laana, naye hakuwazuia. Eli hakuiba nyama wala hakumdhulumu mwanamke. Kosa lake lilikuwa la baraza la wazee linaloita mtu chumbani, linamsema, linaomba pamoja naye, kisha linamrudishia ufunguo.

Sitaki mtu aelewe kwamba Biblia inafungua mlango wa kila uvumi. Inaulinda utu wa mshtakiwa kwa ukali. Kutoka 23 inakataza kueneza habari za uongo, na pia kumpendelea maskini katika neno lake kwa sababu tu ni maskini. Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashtaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Mstari huo hunukuliwa sana na wazee. Ule unaofuata haunukuliwi: wale wadumuo kutenda dhambi, "uwakemee mbele ya wote, ili na wengine waogope". Mbele ya wote. Paulo mwenyewe alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia, na anasema alimwambia mbele ya wote, kwa kuwa kosa la Petro, la kujitenga na watu wa mataifa mezani, lilifanyika hadharani na lilikuwa likiwavuta wengine.

Hata sharti la mashahidi wawili linaweza kugeuzwa silaha, na Biblia inatuonya kwa simulizi ya Nabothi, 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu lililokuwa karibu na jumba lake kule Yezreeli. Nabothi alikataa kwa sababu ardhi ilikuwa urithi wa baba zake, na chini ya Walawi 25 nchi ilikuwa mali ya Mungu isiyouzwa moja kwa moja. Yezebeli, mkewe Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake, na kuagiza mfungo. Mfungo! Kisha wakaketishwa mashahidi wawili, kama sheria inavyotaka, wakadai kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Utaratibu ulifuatwa hatua kwa hatua, na mtu asiye na hatia akapigwa mawe. Angalia shtaka lilivyounganisha Mungu na mfalme mpaka kumkatalia mmoja kukawa kumtukana mwingine. Eliya alipotumwa, hakwenda kwa Yezebeli aliyeandika wala kwa wazee waliotii. Alikwenda kwa Ahabu, ambaye muhuri ulikuwa wake, akamkuta shambani akilimiliki, na kumwuliza kama ameua na kumiliki pia. Ahabu hakugusa hata jiwe moja siku ile. Muhuri ulitosha.

Limebaki andiko la nne, Warumi 13: kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Paulo aliliandika wakati wa Kaisari Nero, kwa hiyo hakuwa akiongelea serikali ya malaika. Lakini mamlaka iliyowekwa ina Aliyeiweka, na Paulo anaipa kazi: mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana, na mtumishi anaulizwa. Paulo mwenyewe anatuonyesha alivyolielewa jambo hili. Filipi, Matendo 16, mahakimu walimpiga yeye na Sila kwa fimbo hadharani bila kuwahukumu, wakawatia gerezani. Asubuhi wakatuma ujumbe: waachilieni. Mtu mwingine angeondoka akishukuru. Paulo alikataa kutolewa kwa siri. Waje wenyewe watutoe. Mahakimu wakaja, wakawasihi. Hakuasi, hakumpiga mtu. Aliitaka mamlaka itii sheria yake yenyewe.

Uganda ilimwona mtu wa namna hiyo. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Ilikuwa barua, tena yenye sahihi zao. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum alikuwa ameuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Nani kati ya wawili hao aliishi Warumi 13? Mimi sina shaka.

Andiko hilohilo lina maneno mawili ya mwanzo ambayo hayasomwi kwa uzito wake: kila mtu. Askofu yumo. Nabii yumo. Mtume mwenye televisheni yumo. Wizi wa sadaka ni wizi kwa sheria za nchi, na binti aliyenajisiwa si jambo la kumalizwa katika kikao cha wazee kwa kutafuta mashahidi wawili, kwa maana Paulo anasema upanga wa kumlipa mtenda mabaya umekabidhiwa mamlaka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliaminishwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ziko mahakamani na mahakama itasema lake. Ninachofikiri usiku ni kwamba, kabla ya makaburi yale, lazima palikuwa na mtu mmoja, pengine mama, pengine kijana, aliyetaka kusimama na kuuliza swali la Abimeleki. Umetutenda nini?

Yule muuza maandazi nilimtafuta baadaye. Alinipokea vizuri, akaniandalia chai. Nilimsomea Mwanzo 20 yote, pale barazani kwake, na tulipofika kwa Sara akaniomba nirudie.